Feni za kompyuta Goma: kuingiza hewa au kuitoa?

Goma haina joto kali. Mchana kwa kawaida ni nyuzi 25 hivi, usiku hupoa kabisa, na ndiyo maana watu hushangaa kompyuta ya mezani inapojizima saa nane mchana ilhali feni zake zote zinazunguka. Mambo mawili ya mji huu ndiyo yanayoiangusha: wepesi wa hewa na vumbi la lava. Kila chaguo tunalolinganisha hapa tumelipima kwa hayo mawili, wala si kwa taa za rangi.

Tuanze na hewa. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko pwani. Feni ikizunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo zaidi ya kubeba joto. Hesabu yake ni rahisi. Chukua wati zinazotumika ndani ya kasha (boksi la chuma la kompyuta), gawanya kwa mita za ujazo zinazopita kwa saa, kisha zidisha kwa 3 ukiwa pwani au kwa 3.6 ukiwa Goma. Jibu ni nyuzi ambazo hewa itapanda tangu inapoingia hadi inapotoka.

Mfano: prosesa ya wati 65, kadi ya michoro ya wati 120, na wati 40 za mengineyo. Jumla ni wati 225. Feni mbili za mbele za milimita 120 zimeandikwa kwenye boksi mita za ujazo 90 kila moja. Usiziamini tarakimu hizo zote, kwa sababu zilipimwa feni ikiwa peke yake, bila wavu wala chujio. Hesabu nusu, yaani mita 90 kwa zote mbili. Pwani hewa ingepanda nyuzi 7.5, hapa itapanda nyuzi 9. Chumba kikiwa na nyuzi 25, hewa inayofika kwenye vipande vya mwisho ni nyuzi 34. Bado ni salama kabisa. Lakini chujio likiziba na mtiririko ukashuka hadi mita 40, hesabu ileile inatoa nyuzi 20 za kupanda, na hewa ya ndani inafika 45. Hapo ndipo kadi ya michoro huanza kujipunguzia kasi, na mashine ikiwa na kipozajoto (kipande cha chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa) chenye vumbi, hujizima. (Kama boksi limeandikwa CFM, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.)

Sasa vumbi. Barabara nyingi za mitaa zimekaa juu ya lava, ile ya Januari 2002 na ya zamani zaidi, na magurudumu ya magari, pikipiki na chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo) huisaga kutwa nzima. Vumbi hilo jeusi ni gumu na lina kingo kali. Likiingia kwenye beringi ya feni hula chuma kama msasa. Likichanganyika na nyuzi za nguo na moshi wa jikoni, hutengeneza kitu kama blanketi jembamba kati ya feni ya prosesa na mapezi ya kipozajoto chake. Ukitazama kutoka juu huoni kitu, feni inaonekana safi. Fungua skrubu nne, inua feni, utakuta mapezi yamefunikwa kabisa na unaweza kulibandua blanketi hilo kwa kucha likatoka zima. Mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa madai kwamba "prosesa imekufa" zina tatizo hilo tu.

Kuingiza zaidi au kutoa zaidi

Huu ndio uamuzi mkubwa, na ndio unaofanywa bila kufikiriwa. Feni zinazoingiza zikishinda zinazotoa, hewa iliyozidi ndani hutafuta njia na kutokea kwenye kila ufa: kwenye vibati vya nyuma vya nafasi za kadi, kwenye matundu ya USB, kwenye maungio ya ubavuni. Zinazotoa zikishinda, nyufa zilezile hugeuka kuwa midomo, na hewa inaingia kupitia kila tundu lisilo na chujio.

| | Kuingiza zaidi | Sawa kwa sawa | Kutoa zaidi |
|---|---|---|---|
| Feni | 2 mbele, 1 nyuma | 2 mbele, 1 nyuma na 1 juu | 1 mbele, 1 nyuma na 1 au 2 juu |
| Vumbi linaingilia wapi | kwenye chujio la mbele | kwenye chujio, na kwenye nyufa chujio linapochafuka | kila ufa |
| Kadi ya michoro | hupata hewa baridi ya mbele | vizuri | hunyonya hewa kupitia vibati vya nyuma |
| Cha kusafisha | chujio | chujio, ndani mara mojamoja | ndani yote |

Wanaotetea mpango wa kutoa zaidi wana hoja moja ya kweli: kwenye chumba kisicho na vumbi, hupunguza nyuzi mbili tatu kwenye kadi kubwa ya michoro, hasa ile inayomwaga joto lake lote ndani ya kasha. Vyumba vya namna hiyo ni vichache mno Ndosho au Majengo. Kwa Goma tunapendekeza kuingiza zaidi, bila kusita. Hata nyumba za Himbi zilizo karibu na ziwa, ambako vumbi ni afadhali, hazipotezi chochote kwa mpango huo.

Safu ya "sawa kwa sawa" ni mtego. Siku ya kwanza kasha lina ulinganifu mzuri, kwa kuwa chujio ni jipya. Baada ya wiki tatu za kiangazi, feni za mbele zinavuta kupitia chujio lililoziba nusu, za nyuma na juu hazina kizuizi, na kasha limeshageuka kuwa la kutoa zaidi bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo usihesabu feni kwa idadi peke yake. Feni yenye chujio mbele yake ihesabu kama theluthi mbili ya feni.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Washa kipande cha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya koili, funga kasha, acha mashine ifanye kazi nzito kidogo, kisha pitisha moshi polepole nyuma, karibu na vibati vya nafasi za kadi. Moshi ukisukumwa kuelekea kwako, uko salama. Ukiingia ndani ya vibati, feni za kutoa zina nguvu kupita kiasi au chujio linadai kuoshwa. Weka umbali wa sentimita tatu hivi, usiusogeze hadi moshi ukavutwa na feni ya pawa saplai ukadanganyika.

Uso wa wavu au uso wa kioo

Makasha mapya yanayopangwa kwenye maduka ya Birere ni ya aina mbili: yenye uso wa wavu wa chuma, na yenye uso wa kioo au plastiki nzima, hewa ikiingilia kwenye mianya ya pembeni. Ya kioo yanapendeza. Kabla ya kulipa, toa rula.

Feni ya milimita 120, ukitoa kitovu chake, ina uwazi wa sentimita za mraba 100 hivi. Feni mbili zinahitaji 200. Mwanya wa pembeni wenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 1 una sentimita za mraba 40. Miwili ni 80. Feni mbili zimelazimishwa kuvuta kupitia uwazi usiofika hata wa feni moja. Zitazunguka kwa nguvu, zitapiga kelele, na hewa itakuwa ndogo. Ukiweka chujio nyuma ya mwanya huo, ndiyo basi tena.

Uso wa wavu unashinda, kwa sharti moja: uwe na chujio la kuchomoka nyuma yake, au nafasi ya kuliweka. Wavu wenye matundu ya milimita mbili bila chujio ni mlango tu. Kuna makasha ya kioo yenye mianya mipana ya sentimita tatu kila upande, na hayo yanafaa. Rula ndiyo itakayokuambia, si maelezo ya muuzaji.

Chujio la kununua au la kujitengenezea

Chujio la nailoni lenye fremu ya sumaku ndilo bora: linatoka kwa mkono mmoja, linaoshwa kwa maji, linarudi. Likikosekana, soksi nyepesi za kike ndefu zinafanya kazi vizuri ajabu. Kata kipande, kivute kwenye fremu ya kadibodi ngumu au waya hadi kikaze bila mikunjo, tabaka moja tu, kisha kibane mbele ya feni. Tabaka mbili hukata hewa kuliko zinavyoongeza usafi. Sponji nene ya godoro isitumike: inazuia vumbi vizuri na inazuia hewa vizuri zaidi.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, osha chujio kila wiki kama mashine iko chumba kinachotazama barabara, kila wiki mbili kama iko ndani zaidi. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha. Likauke kabisa kivulini kabla ya kurudishwa, maana chujio bichi hugeuza vumbi kuwa tope, na tope likikauka kwenye nailoni halitoki tena. Chujio halizuii gesi za volkano ya Nyiragongo. Siku ambazo moshi wa mlima umelala juu ya mji na unauonja kooni, funga madirisha ya chumba cha mashine.

Feni zenyewe: bushi, beringi ya golori, au ya mafuta yaliyofungwa

Hapa ndipo pesa ndogo inapogeuka kuwa hasara. Feni za bei ya chini zina bushi: mhimili unazunguka ndani ya kikombe cha shaba chenye mafuta kidogo. Watengenezaji huzikadiria mara nyingi saa 30,000, ambazo kwa saa 12 kwa siku ni karibu miaka saba. Kadirio hilo halikuwazia vumbi la lava. Mafuta hukauka, vumbi huingia, kikombe hulika upande mmoja, na feni huanza kuvuma asubuhi ikiwa baridi kisha hunyamaza ikipata moto. Mvumo huo ni onyo. Tena bushi haipendi kulazwa: ukiifunga juu ya kasha au chini, itachakaa mapema kuliko ikisimama wima mbele au nyuma.

Beringi ya golori huvumilia joto, huvumilia kulazwa, na hudumu. Ubaya wake ni kelele kidogo, jambo lisilo na uzito kwenye sekretariati yenye mashine ya fotokopi. Ile ya mafuta yaliyofungwa ni tulivu na vumbi haliipati kwa urahisi, ila bei iko juu. Ukiwa na pesa ya feni moja nzuri tu, usiiweke mbele ilipo chujio. Iweke nyuma, mahali penye hewa ya moto, na ambapo feni ikifa hakuna anayeiona.

Feni ya bushi inayovuma inaweza kuokolewa kwa miezi kadhaa. Bandua stika ya katikati, toa kifuniko cha mpira kama kipo, weka tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, rudisha stika. Mafuta ya kupikia hapana: baada ya wiki chache hugeuka gundi.

Kuhusu ukubwa: kama kasha linapokea 140, chukua 140. Uwazi wake ni zaidi ya theluthi moja juu ya ule wa 120, hivyo hutoa hewa ileile kwa mizunguko michache, na mizunguko michache ni kelele ndogo na beringi inayodumu. Kwa feni ileile, ukizidisha mizunguko mara mbili hewa huongezeka mara mbili, lakini umeme inaokula huongezeka mara nane. Kwa anayetumia betri na inveta umeme unapokatika, feni tatu za taratibu ni nafuu kuliko mbili za kasi.

Pini 3 au pini 4

Feni ya pini 4 hudhibitiwa kwa waya wa nne, ya pini 3 kwa kupandisha na kushusha volti. Zote zinaingia kwenye plagi ileile ya ubao mama, na hapo ndipo kosa huanzia. Feni ya pini 3 kwenye plagi iliyowekwa kwa utaratibu wa pini 4 hupata volti 12 muda wote, ikapiga kelele mchana na usiku. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa mashine inapowaka), sehemu ya feni, badili plagi hiyo iwe DC, yaani udhibiti wa volti. Kinyume chake, feni ya pini 4 kwenye plagi ya DC huweza kukwama volti zikishuka sana, ikabaki inatikisika bila kuzunguka.

Plagi moja ya ubao mama kwa kawaida hubeba ampea 1. Soma ampea kwenye stika ya feni: tatu za 0.2 ni 0.6, unaweza kuziunganisha kwa waya wa kugawanya. Nne za 0.3 ni 1.2, hizo zitachoma plagi. Zichukulie umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai.

Mpangilio wa kuanzia: asilimia 40 hadi prosesa ifike nyuzi 50, asilimia 70 ikifika nyuzi 70, asilimia 100 ikifika 80. Feni za mbele ziwe juu ya ya nyuma kwa asilimia 10 wakati wote, ili kuingiza kusishindwe. Na kabla ya kukaza skrubu, hakikisha upande: hewa hutokea upande wenye vishikizo na stika. Upande ulio wazi, unaoonyesha mapanga yote, ndio unaovuta. Fremu nyingi zina mishale miwili ubavuni, mmoja wa hewa na mwingine wa mzunguko. Feni moja ya mbele iliyogeuzwa huifanya jirani yake izungushe hewa ileile mbele ya kasha.

Kasha wazi au lililofungwa

Hili linaonekana kwenye saiba karibu zote: ubavu umeondolewa, na feni ya sakafuni imeelekezwa ndani. Kipimajoto cha prosesa hushuka siku hiyohiyo, na ndiyo sababu watu huamini wamepata dawa. Lakini feni za mbele na nyuma hazina tena njia ya kuongoza hewa. Diski na vipande vya umeme vilivyo kando ya prosesa hupata hewa iliyotuama. Feni ya sakafuni nayo inachota vumbi la chini, pale linapolala, na kulipuliza juu ya ubao. Mende huhamia. Baada ya mwezi, kipozajoto kimefunikwa na mashine ina joto kuliko ilivyokuwa imefungwa. Kama kufungua ubavu kunashusha zaidi ya nyuzi 10, kasha linakuambia kwamba halina pa kuingizia hewa. Tengeneza mbele, kisha funga.

Tundu la juu pia lifunikwe, isipokuwa prosesa ni ya wati 100 na zaidi. Hewa ya moto kupanda yenyewe ni nguvu ndogo sana mbele ya feni inayosukuma, lakini vumbi kushuka mashine ikiwa imezimwa ni jambo la kila usiku. Ukiweka feni ya juu, iwe ya kutoa na ikae nyuma. Ikikaa juu mbele huiba hewa baridi kabla haijafika popote.

Mashine yenyewe isikae sakafuni. Kigoda cha sentimita 20 kinatosha, na nyuma iachiwe sentimita 15 kutoka ukutani. Pawa saplai iliyo chini ya kasha itazame chini kama ina chujio na kigoda kina uwazi. Hakuna chujio? Igeuze ivute kutoka ndani.

Upozaji wa maji hautukawizi. Rejeta yake inapozwa na hewa ileile yenye vumbi, na pampu ikifa ni vigumu kupata ya kubadilisha.

Mashine za ofisi za mitumba

Wengi hawanunui kasha. Wananunua mashine nzima iliyotoka Ulaya au Dubai, yenye feni moja ya nyuma ya milimita 80 au 92 inayotoa, na prosesa yenye mfereji wa plastiki. Hiyo ni ya kutoa zaidi kwa asili. Kwa mashine ya wati 90, mita za ujazo 40 kwa saa hupandisha hewa nyuzi 8 tu, kwa hiyo haihitaji feni ya ziada ili ipoe. Inahitaji ili isimeze vumbi. Kama mbele kuna nafasi ya feni, ongeza moja ya 92 au 120 ya kuingiza, na soksi mbele yake. Kama hakuna, ziba kwa utepe nyufa za nyuma na vibati vilivyokosekana, ubakize mlango mmoja wa mbele, na huo ndio uwekewe chujio. Mfereji wa plastiki usitolewe kamwe: bila huo prosesa haipati hewa.

Angalia plagi kabla ya kununua feni ya kubadilisha. Nyingi za mashine hizo zina plagi za pini 5 au 6 za kwao wenyewe, na ukichomeka feni ya kawaida kwa nguvu, mashine itasimama kila asubuhi ikidai feni imekufa na kusubiri ubonyeze kitufe ndipo iendelee. Tafuta feni yenye plagi hiyohiyo, au mpe fundi akate na kuunga nyaya nne kwa kufuata kazi zake (ardhi, volti 12, kipimo cha mzunguko, udhibiti), si kwa rangi, kwa sababu rangi hutofautiana.

Ukisafisha kwa kompresa ya fundi wa matairi, kwanza mwachie apulize pembeni hadi maji na mafuta ya bomba yaishe, kisha shika mapanga ya kila feni kwa kidole au kijiti. Feni inayozungushwa na upepo wa kompresa hupita kasi yake mara nyingi, beringi huvunjika, na mota hugeuka jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao mama.